Michezo ya Kufundishia Uwiano: Mwongozo kwa Walimu wa Hisabati wa Dodoma na Kanda ya Kati

Mwulize mwanafunzi wa darasa la sita swali hili: ikiwa vikombe 2 vya unga wa uwele hupikwa uji kwa vikombe 6 vya maji, vikombe 4 vya unga vitahitaji vikombe vingapi vya maji ili uji uwe na uzito uleule? Wapo watakaojibu 12, na wapo watakaojibu 8. Hawa wa pili hawakubahatisha. Wameona unga umeongezeka vikombe viwili, nao wakaongeza viwili upande wa maji. Kosa hili la kujumlisha mahali panapotakiwa kuzidisha linafahamika sana kwa watafiti wa ufundishaji wa hisabati, na chanzo chake kinaeleweka: mtoto amekaa miaka mingi akijumlisha na kutoa kwa mafanikio, hivyo akikutana na jambo jipya hutumia kwanza njia aliyoizoea.

Kumwambia tu kwamba amekosea hakumsaidii sana. Atakubali, atakariri kanuni ya kuzidisha kwa kukatiza alama ya sawasawa, na swali likibadilishwa maneno baada ya wiki mbili atarudi kulekule kwenye kujumlisha. Anachohitaji ni kuiona njia yake ikishindwa mbele ya macho yake, pasipo mwalimu kutia alama ya kosa. Hicho ndicho kipimo ninachopendekeza kila mwalimu akitumie anapochagua mchezo wa kufundishia uwiano, iwe kwa darasa la tano hadi la saba au kwa kidato cha kwanza na cha pili: je, mchezo wenyewe unalikataa jibu lisilo sahihi, au ni mwalimu anayelikataa? Mashindano ya timu mbili yanayotegemea mwalimu aseme "sahihi" au "si sahihi" yanachangamsha darasa, na yana nafasi yake wakati wa marudio, lakini kwa kuijenga dhana ya uwiano ni maswali ya mdomo yaliyoongezewa makofi.

Maandalizi

Michezo inayofuata haihitaji vifaa vya kununua. Kusanya maboksi matupu kutoka dukani, mikasi michache, rula, vizibo vya soda, kokoto, kamba, chaki na chupa safi za maji. Darasa kubwa ligawanywe katika vikundi vya watano watano, na kila kikundi kichanganye wanaofanya vizuri na wanaosuasua, kwa kuwa kundi la wenye uwezo peke yao humaliza upesi na kuwavuruga wengine. Ukifundishia nje chini ya mti, kumbuka upepo wa Dodoma, hasa miezi ya kiangazi: kila karatasi iwekewe kokoto juu yake, la sivyo nusu ya kipindi itaishia kukimbiza kadi uwanjani.

Kukuza mchoro wa vipande

Mchezo huu ndio ninaouthamini kuliko yote, nao unastahili vipindi viwili mfululizo. Wazo lake lilitoka kwa Guy Brousseau, Mfaransa aliyetafiti ufundishaji wa hisabati na ambaye mwaka 2003 alikuwa wa kwanza kupewa medali ya Felix Klein, tuzo ya kimataifa ya watafiti wa ufundishaji wa hisabati. Yeye aliwapa wanafunzi mraba uliokatwa vipande, akawataka waukuze kiasi kwamba upande wenye sentimita 4 uwe na sentimita 7, huku kila mwanafunzi akitengeneza kipande chake peke yake. Mraba ninaoueleza hapa ni tofauti na wake, nimeupanga uwe rahisi kukatwa kwenye boksi.

Chora mraba wenye upande wa sentimita 12. Kwenye kona ya juu kushoto weka mraba mdogo wa sentimita 8 kwa 8, uuite A. Kuliani kwake weka mstatili B wenye upana wa sentimita 4 na kimo cha sentimita 8. Chini umebaki ukanda wenye kimo cha sentimita 4 na urefu wa sentimita 12. Ugawanye, kuanzia kushoto, katika vipande vitatu: C wenye urefu wa sentimita 6, D wenye sentimita 4 na E wenye sentimita 2. Kila kikundi kipewe mraba mmoja uliokwisha kukatwa, na kila mwanakikundi achukue kipande kimoja.

Kisha toa agizo moja tu, uliandike ubaoni: "Tengenezeni mraba mkubwa unaofanana na huu, ambapo kila palipokuwa na sentimita 4 sasa pawe na sentimita 6. Kila mmoja akate kipande chake mwenyewe, kisha mviunganishe." Wape dakika chache za kukubaliana, halafu watengane hadi kila mmoja amalize kukata.

Kinachofuata ndicho kiini cha somo. Vikundi kadhaa vitakuwa vimekubaliana kuongeza 2 kila mahali, kwa kuwa kutoka 4 hadi 6 ni kuongeza 2. Kipande A kitakuwa sentimita 10 kwa 10 na B sentimita 6 kwa 10, kwa hiyo ukingo wa juu utakuwa na sentimita 16. Chini, C itakuwa na sentimita 8, D 6 na E 4, jumla 18. Wakiviweka pamoja, ukanda wa chini utachomoza sentimita 2 nzima nje ya mstari. Kwanza watalaumiana: fulani amekata ovyo, rula ya fulani imelika mwanzoni, mkasi ni butu. Watapima upya, na kila kipande kitaonekana kimekatwa sawasawa na makubaliano. Hapo ndipo mmoja wao huanza kuyatilia shaka makubaliano yenyewe. Dakika hizo ni za thamani kuliko maelezo yoyote ya ubaoni, na mwalimu ana wajibu mgumu wa kunyamaza. Akiulizwa, ajibu kwa swali: "Kwa nini chini kumezidi kuliko juu?" Mwanafunzi makini atagundua kwamba juu waliongeza 2 mara mbili, na chini wakaongeza 2 mara tatu.

Vipo pia vikundi vitakavyofanya "mara mbili, kisha toa 2", kwa sababu 4 mara mbili ni 8, ukitoa 2 unapata 6. Njia hii huonekana ya kitaalamu, lakini nayo hushindwa: A hupata upande wa sentimita 14, B sentimita 6, jumla 20 juu, na chini C 10, D 6 na E 2, jumla 18. Mwalimu asiidharau. Wanafunzi hawa wameshahisi kwamba kuzidisha kunahusika, na wanahitaji hatua moja tu kufika.

Jibu linaloungana ni lile ambalo kila kipimo kimezidishwa kwa 1½: A ni 12 kwa 12, B ni 6 kwa 12, C ni 9 kwa 6, D ni 6 kwa 6 na E ni 3 kwa 6. Juu 12 na 6 ni 18, chini 9 na 6 na 3 ni 18. Wapo watakaolipata kwa njia nyingine, yaani kwa kusema kwamba 2 ni nusu ya 4, hivyo itakuwa nusu ya 6, yaani 3, na kwamba 8 ni mara mbili ya 4, hivyo itakuwa 12. Njia hiyo ni sahihi kabisa na ipewe heshima sawa ubaoni. Darasa likishalimudu, wape tena mraba uleule na agizo la 4 kuwa 7, ambapo upande wa mraba wote utakuwa sentimita 21 na kipande E kitakuwa na urefu wa sentimita 3.5. Hapo desimali zitaingia zenyewe.

Choya kwenye chupa

Mchezo wa pili hutumia rangi badala ya urefu. Chemsha choya hadi itoke nyekundu nzito, iache ipoe. Onyesha darasa mchanganyiko wa mfano uliotengenezwa kwa kijiko 1 cha choya na vijiko 4 vya maji. Kila kikundi kipewe vijiko 5 vya choya na kuagizwa kutengeneza rangi ileile, lakini kiandike kwanza kwenye karatasi idadi ya vijiko vya maji kitakavyotia. Karatasi zikikusanywa, ndipo wachanganye.

Waliojumlisha wataandika 8, kwa sababu kutoka 1 hadi 5 ni kuongeza 4. Waliozidisha wataandika 20. Mimina kiasi kinacholingana kutoka kila mchanganyiko kwenye chupa zinazofanana, uzipange mbele ya karatasi nyeupe dirishani. Ya vijiko 8 itakuwa nyekundu iliyokolea, ya vijiko 20 itafanana na ya mfano. Nimechagua vijiko badala ya vikombe kwa makusudi, kwa sababu shule nyingi za kanda hii hazina maji ya kumwaga, na nimechagua 5 badala ya 2 kwa sababu namba inavyokuwa mbali na ya mwanzo ndivyo tofauti ya rangi inavyoonekana wazi. Vyombo vikiwa safi na maji yakiwa yamechemshwa, darasa linaweza kuinywa choya yake baada ya kipindi, ikiongezwa sukari kidogo.

Magenge matatu ya zabibu

Teua wanafunzi watatu wawe wenye magenge. Bei hizi ni za mfano tu: genge la kwanza linauza kilo 3 kwa shilingi 7,500, la pili kilo 4 kwa shilingi 9,600, la tatu kilo 5 kwa shilingi 15,000. Kokoto moja ni kilo moja. Kila kikundi kina shilingi 60,000 za karatasi na kinatakiwa kuchagua genge moja tu la kununulia fedha zote kwa bei hiyohiyo, kikiwa kimeandika sababu yake kabla ya kwenda sokoni. Mshindi ni mwenye kokoto nyingi.

Wengine watavutwa na genge la tatu kwa kuwa lina kilo nyingi, wengine na la kwanza kwa kuwa lina bei ndogo. Hesabu ya kokoto itaamua: genge la kwanza litatoa kilo 24, la pili 25 na la tatu 20. Sikiliza vizuri sababu zinazosomwa. Mwanafunzi anaweza kusema kwamba genge la pili linampa kilo moja zaidi ya la kwanza kwa nyongeza ya shilingi 2,100 tu, ilhali kwenye genge la kwanza kila kilo ni shilingi 2,500, kwa hiyo la pili ni nafuu. Ametumia tofauti, lakini hakukosea, kwa kuwa ameilinganisha nyongeza na bei ya kilo moja. Mwalimu anayewinda neno "kuongeza" ili alisahihishe atampoteza mwanafunzi huyu, naye ndiye aliyefikiri kwa kina kuliko wote.

Kona tatu

Baada ya michezo hiyo hutokea hatari ya upande wa pili: wanafunzi huanza kuona uwiano hata mahali usipokuwapo. Chora kona tatu uwanjani, moja ya uwiano wa moja kwa moja, moja ya uwiano kinyume, na moja ya "si uwiano". Soma kadi kwa sauti, hesabu hadi kumi, na kila mwanafunzi akimbilie kona anayoiamini. Kabla ya kutoa jibu, mmoja kutoka kila kona ajieleze, na yeyote aliyeshawishika aruhusiwe kuhama. Asitolewe mtu mchezoni, kwa kuwa anayekosea ndiye anayehitaji zaidi kubaki.

Nguvu ya mchezo iko kwenye kadi. Treni ya umeme ikienda kwa mwendo uleule kilomita 40 kwa dakika 20, itakwenda kilomita ngapi kwa dakika 60? Hiyo ni ya moja kwa moja. Vibarua 4 wanapalilia shamba la mtama kwa siku 6. Wakiwa 8 wenye kasi ileile, watatumia siku ngapi? Hiyo ni kinyume, na jibu ni 3. Mashati 3 yaliyoanikwa pamoja juani yamekauka kwa saa 1. Mashati 6 yakianikwa pamoja yatakauka kwa muda gani? Kwaya ya watu 10 inaimba wimbo kwa dakika 4. Kwaya ya watu 20 itauimba wimbo huohuo kwa dakika ngapi? Neema ana miaka 6 na kaka yake 12. Neema akifika miaka 12, kaka yake atakuwa na mingapi? Kadi hii ya mwisho isikosekane, kwa kuwa hapa kujumlisha ndiyo njia sahihi, na anayesema 24 atajikuta akieleza jinsi kaka alivyokua miaka 12 wakati dada yake amekua 6.

Kadi za uwiano kinyume zikiwatatiza, warudishe darasani kwenye rula. Rula ya sentimita 30 ilazwe juu ya penseli kwenye alama ya 15. Weka vizibo 2 sentimita 12 kutoka katikati upande mmoja, kisha waulize vizibo 3 viwekwe umbali gani upande wa pili. Anayetoa 1 kwa sababu kizibo kimeongezeka 1 ataviweka kwenye sentimita 11, na rula italalia upande huo. Kwenye sentimita 8 itasimama, kwa sababu 2 mara 12 na 3 mara 8 zote ni 24. Hakikisha katikati ya kila rundo la vizibo ipo juu ya alama, na kwamba rula yenyewe ilikuwa imesimama sawa kabla ya kuwekewa chochote.

Kwa somo la skeli, kikundi kimoja kifiche kizibo uwanjani na kuchora ramani inayoanzia kwenye mlingoti wa bendera, sentimita 1 ikiwakilisha mita 4, na kikundi kingine kikitafute kwa kamba iliyopimwa mita moja moja. Hatua za miguu zisitumike, kwa kuwa wanafunzi wa umri huu wamepishana sana kimo.

Baada ya mchezo

Mchezo usiofuatwa na kalamu haukai kichwani. Katika kipindi cha dakika 40, mchezo usizidi dakika 20, maelekezo yachukue dakika 5, na dakika 15 zilizobaki ni za mazungumzo na daftari. Waandike jedwali lenye safu mbili, kwa mfano choya 1, 2, 3, 5 na maji 4, 8, 12, 20, kisha wachore mshale kutoka safu moja kwenda nyingine na kuandika "mara 4" juu yake, na mishale mingine ndani ya safu ileile kutoka 1 hadi 5 na kutoka 4 hadi 20, yote ikiwa "mara 5". Mwanafunzi anayeiona mishale hiyo miwili ataelewa kwa nini kuzidisha kwa kukatiza hufanya kazi, na kanuni hiyo ifundishwe hapo, si kabla.

Suala la alama nalo lina uzito. Ukitoa pointi kwa kikundi kinachomaliza kwanza, utawafundisha kukimbilia jibu, na kujumlisha ndiko kunakokuja haraka zaidi. Toa pointi kwa maelezo ambayo kikundi kingine kimeyaelewa na kuweza kuyarudia. Kwa walimu wa kidato cha kwanza, ambako lugha ya kufundishia hubadilika kuwa Kiingereza, ushauri wangu ni kuwaacha wanafunzi wabishane ndani ya vikundi kwa Kiswahili, hata kwa Kigogo au Kirangi, kisha waandike hitimisho kwa Kiingereza. Ubishi wa sentimita 2 zilizozidi hauwezi kufanywa na mtoto anayetafuta neno.

Wiki mbili baadaye, bila kutaja michezo, wape swali la uji lililo mwanzoni mwa mwongozo huu pamoja na la umri wa Neema, kwenye karatasi moja. Anayepata la kwanza na kukosa la pili amekariri kuzidisha. Mrudishe kwenye kona tatu. Anayekosa la kwanza apewe tena vipande vya boksi, safari hii akiwa na mwenzake mmoja tu, naye ndiye akate vipande A, C na E. Vipande vya kila kikundi vihifadhiwe kwenye bahasha yake, kila kimoja kikiwa na herufi nyuma, kwa kuwa kipande E ni kidogo na ndicho kinachopotea kwanza.